Waya wa kwanza ni wa konsoli

Seva mpya ikinifikia, waya wa kwanza ninaouchomeka baada ya ule wa umeme ni wa konsoli, yaani njia ya kuiona skrini ya seva na kuiendesha nikiwa mbali. Mwenye seva anaweza kuwa amesimama mlangoni akiuliza mfumo utaanza lini, ninamwomba anivumilie. Nyuma ya seva nyingi kuna tundu moja la mtandao lililotengwa na mengine. Likiwa la Dell limeandikwa iDRAC, likiwa la HPE limeandikwa iLO, na kwenye Supermicro utakuta IPMI; yote ni majina ya njia hiyo hiyo ya kuisimamia seva ukiwa mbali. Nimekuta tundu hilo limejaa vumbi katika ofisi nyingi, halijawahi kuingizwa waya tangu seva itolewe kwenye boksi, na huwa inaniuma. Mimi naishi Kisumu. Seva ninazozitunza ziko Kakamega, Siaya, Homa Bay na Busia, kwenye zahanati, shule na vyama vya akiba na mikopo. Kakamega ni kama kilomita 50 kutoka hapa, Busia ni zaidi ya 100. Tundu lile likikaa tupu, hata hitilafu ya mstari mmoja wa maandishi inataka mtu apande matatu.

Ndani ya ubao mama wa seva mna kompyuta nyingine ndogo inayoitwa BMC. Ina kichakataji chake, kumbukumbu yake, programu yake na anwani yake ya mtandao. Haijali kama kwenye diski kuna Linux au Windows, au hamna kitu kabisa. Hata seva ikiwa imezimwa, mradi waya wa umeme umo ukutani, BMC iko macho. Inapima joto na mzunguko wa feni. Inawasha na kuzima seva kana kwamba kuna kidole kwenye kitufe. Na kubwa kuliko yote kwangu, inachukua picha ambayo ingeonekana kwenye skrini, inaileta kwenye kivinjari changu, kisha inapeleka kila ninachobonyeza kana kwamba kibodi imechomekwa pale pale kwa USB. Hiyo ndiyo konsoli pepe. SSH, njia ya kawaida ya kuingia kwenye mfumo kwa amri kupitia mtandao, haiwezi kuchukua nafasi yake, kwa sababu SSH inahitaji mfumo uwe umeshawaka, mtandao umeshapanda na huduma yenyewe iko hai. Siku ya shida hivyo vitatu ndivyo huwa havipo.

Chukua usiku mmoja wa masika, mwezi wa Aprili. Upande wa Kakamega radi ilikuwa inapiga kama inavyopiga kule kila msimu. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, na betri za UPS zilikuwa zimechoka. Muuguzi wa zamu katika hospitali moja ndogo akanipigia.

“Kaka, mashine ya kuandikisha wagonjwa imegoma. Kompyuta zote zinasema haziioni.”

“Pole, sista. Ile taa ya mbele ya seva ni ya rangi gani?”

“Kijani. Inawaka tu.”

“Basi usiiguse. Nipe muda kidogo.”

“Sawa, mimi naendelea kwenye daftari. Kuna mama hapa ana uchungu, siwezi kusubiri mashine.”

Nikafungua konsoli. Skrini nyeusi, maandishi meupe, na mfumo unasema umeingia hali ya dharura, unaomba neno la siri la root, mtumiaji mkuu. Chanzo kilikuwa mistari michache juu yake. Diski ya nje ya nakala rudufu, iliyokuwa imeandikwa kwenye /etc/fstab (orodha ya diski za kuunganishwa mfumo ukiwaka), haikuwaka umeme uliporudi. Linux za siku hizi zinazotumia systemd, programu inayowasha huduma za mfumo, husubiri diski kama hiyo sekunde 90, na ikikosekana zinakataa kuendelea. Mafaili ya wagonjwa yalikuwa salama kwenye diski nyingine. Mashine nzima ilisimama kwa ajili ya diski isiyohitajika usiku ule. Nikaandika mount -o remount,rw / ili niweze kuandika, nikaongeza neno nofail kwenye mstari wa ile diski ili ikikosekana mfumo uendelee, nikawasha upya.

Halafu ukaja ule muda ambao wasiotumia konsoli hawaujui. Seva haiwaki kama laptopu. Inahesabu kumbukumbu, inaamsha kadi ya RAID inayounganisha diski, inauliza kadi za mtandao moja moja, na yote hayo yanaweza kula dakika kadhaa. Ukiwa na SSH peke yake, dakika hizo ni za kubahatisha: inawaka au imekwama? Kwa konsoli naona kila hatua. Niliona RAID ikisema diski zote ni nzima, nikaona GRUB, programu inayoanzisha Linux, nikaona huduma zikipanda moja baada ya nyingine. Nikampigia muuguzi kabla hajanipigia.

Sehemu ngumu ya kazi hii ni mtandao wa polepole, na huku kwetu ndio wa kawaida. Konsoli ya picha inataka data nyingi. Ikianza kukwama, unabonyeza herufi r mara moja na kule inatokea rrrrrrr, kwa kuwa ujumbe wa kwamba umeachia kitufe umechelewa njiani na seva inadhani bado umekishikilia. Kwenye amri ya kufuta kitu hilo ni jambo la hatari. Kwa hiyo seva zangu zote za Linux nazitayarishia pia konsoli ya maandishi, ile inayopitisha mlango wa serial (mlango wa kale wa kupitisha maandishi) ndani ya mtandao. Kwenye GRUB naweka console=tty0 console=ttyS1,115200 (mashine nyingine hutaka ttyS0, hakikisha kwanza), nawasha serial-getty, huduma ya kuombea jina na neno la siri, kwenye mlango huo, kisha kutoka mbali naita ipmitool, programu ya kuiamuru BMC, yenye sol activate. Ni maandishi matupu, yanapita hata kwenye laini ya simu iliyobakiza kijistari kimoja. Ili utoke, unaandika alama ya wimbi na nukta, ~. lakini kama umepitia SSH kwanza, andika ~~. la sivyo SSH itaimeza ile alama na kukutoa yenyewe.

Tatizo ni hilo hilo kwenye kupachika faili la ISO, yaani CD nzima ndani ya faili moja, kutoka laptopu yako. Konsoli itakubali, na kule seva itaona kama CD imeingizwa. Lakini faili la gigabaiti mbili likipanda kupitia laini ya simu, utakesha. Mimi huacha kompyuta ndogo ya bei nafuu kwenye kila kituo, ndani yake kuna ISO ya uokoaji, na BMC inaisoma kwa NFS au HTTP, njia za kusoma faili kupitia mtandao, humo humo ndani. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo ninayoendeshea ipmitool.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima iliingia gizani. Umeme ulirudi kwa saa tofauti sehemu tofauti, na hapo ndipo utaona kama ulipanga vizuri. Seva nyingi zina chaguo la nini cha kufanya umeme ukirudi: kubaki imezimwa, kuwaka daima, au kurudia hali ya mwisho. Wengi huchagua hali ya mwisho, na linasikika kuwa jambo la busara. Sasa fikiria seva ambayo UPS yake iliiambia betri inaisha, nayo ikajizima kwa adabu. Hali yake ya mwisho ni kuzimwa. Umeme unarudi, nayo inabaki kimya hadi mtu aje. Ile iliyozimika kwa ghafla ndiyo inayowaka yenyewe. Tiba ya haraka ni ipmitool chassis power on. Tiba ya kudumu ni chassis policy always-on, ila mimi siiweki kila mahali. Kuna vituo ambako umeme ukirudi hucheza kwa muda kabla ya kutulia, na betri wakati huo ni tupu, kwa hiyo seva itapigwa katikati ya kuwaka. Huko naiacha izime, nangoja umeme utulie, kisha naiwasha kwa mkono wangu kutoka Kisumu. Na hili lisisahauliwe: swichi ya mtandao na ruta lazima viwe na betri au viwe kwenye UPS ile ile. BMC iliyo hai nyuma ya ruta iliyokufa haina faida.

Sasa usalama, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini. Anayeingia kwenye BMC ameishika mashine yote. Anaweza kuizima, kuiwasha kwa ISO yake mwenyewe na kusoma diski yoyote isiyofichwa kwa usimbaji. Nayo IPMI, kanuni ambazo BMC nyingi huzifuata, ina kasoro ya kuzaliwa. Kanuni zake zilitolewa 1998 na Intel, Dell, HP na NEC, toleo la 2.0 likaja 2004, na toleo hilo linaruhusu mtu yeyote anayejua jina la mtumiaji kuomba kuingia na kurudishiwa hesabu iliyotokana na neno la siri, kabla hajathibitisha lolote. Anaondoka na hesabu hiyo, anakaa kwake na kubahatisha maneno mpaka moja likubali. Mtafiti Dan Farmer alilianika jambo hili 2013. Kwa kuwa kasoro imo kwenye kanuni zenyewe, hakuna sasisho litakaloiondoa. Mwaka 2017 ikaonekana iLO 4 za matoleo ya zamani zinampitisha mtu bila neno la siri akituma tu herufi A mara 29 mahali fulani kwenye ombi lake. Hiyo ya pili ilirekebishwa, lakini kwa aliyesasisha. Na mashine za zamani za Dell zilitoka kiwandani na root na calvin, za Supermicro na ADMIN na ADMIN. Bado ninayakuta maneno hayo kwenye seva zilizobeba majina na magonjwa ya watu.

Kwa hiyo BMC haiwekwi kwenye intaneti wazi. Usifungue poti ya 623, ile ya IPMI, kwenye ruta, wala ya HTTPS ya konsoli, hata kwa siku moja. Mimi naitenga kwenye VLAN yake, yaani mtandao wake wa pekee ndani ya waya zile zile, na naifikia kwa WireGuard, aina ya VPN (njia ya siri ndani ya intaneti), iliyo kwenye ruta. Laini zetu nyingi za simu hazina anwani ya umma, hivyo ruta ya kituo ndiyo inayopiga kwenda kwenye seva ndogo ninayokodi, na PersistentKeepalive ya sekunde 25, mpangilio wa WireGuard wa kutuma ujumbe mdogo kila mara, inaishikilia njia isifungwe. Kuna mafundi wanaoiweka VPN kama mashine pepe (kompyuta ya programu tupu) ndani ya seva ile ile wanayotaka kuiokoa. Hiyo ni kufungia ufunguo ndani ya nyumba. VPN ikae kwenye ruta, na ikiwezekana ruta iwe na laini ya pili ya kampuni tofauti.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa: ukiingia kama root kwenye konsoli kisha ukafunga kivinjari, hujatoka. Kule seva bado imekuacha wazi, na atakayefungua konsoli baada yako, au aliye chumbani mbele ya skrini halisi, anakuta mlango u wazi. Andika exit. Mimi naweka pia TMOUT ili mfumo unitoe wenyewe. Na maneno ya siri ya BMC ni mali ya taasisi, hayawi ya fundi. Kila kituo kina bahasha iliyofungwa kwa msimamizi, na orodha ya walio na ruhusa. Tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hospitali inapaswa kujua ni nani anayeweza kuona kumbukumbu za wagonjwa, na mwenye konsoli anaweza.

Ukinunua seva iliyotumika, muulize muuzaji kuhusu leseni kabla ya kutoa pesa. Kwenye Dell, konsoli pepe inataka leseni ya Enterprise. Kwenye HPE, mashine nyingi zitakuonyesha picha wakati wa kuwaka, kisha zikataka leseni ya Advanced ndipo uendelee. Nyingine za zamani zina konsoli ya Java Web Start, ambayo iliondolewa katika Java 11 mwaka 2018, kwa hiyo utalazimika kutunza mfumo wa zamani kwa kazi hiyo peke yake. Shule nyingi hazina seva halisi, zina kompyuta ya mezani iliyopewa kazi ya seva. Hapo natumia PiKVM, inayojengwa kwa Raspberry Pi: inachukua picha kwa HDMI na kujifanya kibodi kwa USB. Ila haiwezi kubonyeza kitufe cha umeme mpaka uiunganishe na pini za ubao mama, na wengi huiruka hatua hiyo.

Kabla sijaondoka kituoni natoka nje hadi uani, nazima Wi-Fi ya pale na kuunganisha laptopu kwa data ya simu yangu. Naizima seva kabisa. Naiwasha kwa konsoli, naingia kwenye BIOS, mipangilio ya ubao mama, natoka, naisimamisha kwenye GRUB, naiingiza hali ya dharura, naiandikia mstari mmoja, naiwasha tena. Kisha nafanya hivyo hivyo kwa konsoli ya maandishi. Hatua moja ikikataa, narudi ndani kwenye chumba cha seva, hata kama matatu ya mwisho iko karibu kuondoka.