Siku msitu wa Sunningdale uliponinyang'anya draiva

Nianze na ukweli, kwenye gofu mi ni mtu wa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali. Nikisimama kwenye tii, pale pa kuanzia shimo, nataka nisikie ule mlio, mpira upotee angani, habari ya utaangukia wapi tutajuana mbele. Kwa hiyo siku napanda treni pale Waterloo na begi la fimbo 14 begani naelekea Sunningdale, klabu ya gofu nje ya London, kichwani nina picha moja tu, mi na draiva yangu na msitu, na msitu utanitambua.

Treni ni karibu saa moja, unatoka London nyumba zimebanana, baadaye zinaanza kuachiana, miti inaongezeka, na ukishuka stesheni unatembea kidogo tu ushafika klabu. Niliyekuwa naye alishacheza pale mara moja, njia nzima ananicheka. "Kaka, leo utatafuta mipira hadi giza liingie." Nikamwambia anisubiri kwenye kadi ya matokeo. Handikapu yangu, yaani mipigo unayopunguziwa kulingana na uwezo, ni 17, yake 12, na ndogo ndo bora, sasa maneno kama hayo alikuwa na haki nayo kidogo.

Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha kwelikweli, nikajua leo tope. Wapi! Nyasi zimenyeshewa lakini chini pamekauka, kiatu hakizami hata kidogo. Eneo lile lote limekaa juu ya mchanga wa Bagshot, maji yanapita kama kwenye chujio, udongo wenyewe hauna rutuba ya maana, kwa hiyo mazao hayakustawi hapo, ila gofu imestawi balaa. Ardhi yenyewe ilikuwa ya chuo, St John's College cha Cambridge, klabu ikawa mpangaji.

Uwanja tuliocheza ni ule wa zamani, Old Course, yadi 6,600 hivi, ulifunguliwa 1901. Aliyeuchora ni Willie Park Jr., na huyu hakuwa mchoraji wa mezani, alikuwa bingwa wa The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, mara mbili, 1887 na 1889. Halafu katibu wa kwanza wa klabu akawa Harry Colt, mwanasheria, akakaa mpaka 1913, akawa anaurekebisha rekebisha uwanja huku anajifunza, mwishowe akageuka mmoja wa wachora viwanja wakubwa kabisa duniani. New Course ya hapohapo, ya miaka ya mwanzo ya 1920, ni kazi yake.

Kedi niliyepewa, yaani mbeba begi na mshauri, ni mzee mmoja mwembamba, maneno machache, ananiita bwana. Akaangalia begi langu, akaangalia draiva, akaniuliza, "Hii huwa inakwenda wapi, bwana?" Nikamwambia mbali. Akasema, "Sijauliza umbali."

Shimo la kwanza ni la mipigo 5, ndo kiwango chake, yadi 490 na kidogo, mbele pamefunguka, nikapiga draiva vizuri tu, hapo kiburi kikapanda kiwango kingine. Mzee kimya. La pili nikapiga tena, ikakata kulia, ikaingia kwenye misonobari. Nikaenda nikaukuta mpira umekaa juu ya sindano za msonobari, mzuri kabisa, na mbele yangu kuna pengo kati ya miti miwili, pana namna hii, na nyuma ya pengo naona bendera. Jamani, ukiona bendera kupitia pengo akili inatoka. Mzee akaniuliza, "Mara kumi ukipiga hapa, ngapi zinapita?" Nikasema saba. Hakubisha, akanipa fimbo niliyoomba. Mpira ukagonga shina la kushoto, ukarudi kama umetumwa, ukanipiga mguuni. Zamani hapo ungeongezewa na pigo la adhabu juu ya maumivu, tangu 2019 sheria imelegezwa, ukigongwa na mpira wako kwa bahati mbaya hakuna adhabu. Maumivu yanabaki yako. Nilitoka na 8 pale.

Na shimo hilohilo la pili ndo lile Karen Stupples, 2004, siku ya mwisho ya British Open ya wanawake, alipiga aini 5, fimbo ya chuma, kutoka mbali mpira ukaingia moja kwa moja, mipigo 2 kwenye shimo la mipigo 5, baada ya kutoka shimo la kwanza na 3! Yaani mashimo mawili ya mwanzo amekula mipigo mitano tu. Mi nilikuwa nimeshakula 14. Akachukua kombe siku ile.

Kwenye tii ya tatu nikanyoosha mkono kuchukua draiva nikakuta mzee keshaivalisha soksi ya kuifunika na kuizamisha chini ya begi. Akanipa aini 5. Hakusema kitu, na mi sikubishana, mguu bado unauma.

Sasa hapo ndo nikaanza kuuona uwanja. Ukiwa na draiva mkononi unaona miti tu, kushoto ukuta kulia ukuta, unahisi umewekwa kwenye uchochoro. Mzee akanifundisha jambo la kijinga hivi lakini ni kweli, akasema usiangalie juu, angalia chini nyasi zinaishia wapi. Nikaangalia. Kumbe fewei, ile njia ya nyasi fupi, ni pana kuliko macho yanavyodanganya, miti imekaa mbali kidogo, kati yake na fewei kuna mkanda mrefu wa hetha. Na hetha ndo mlinzi wenyewe, miti ni ya kutisha tu watu.

Hetha kwa ambaye hajaiona ni kichaka kifupi, kinafika kwenye kifundo au chini ya goti, Agosti kinachanua maua ya zambarau, kilima kizima kinawaka, unapiga picha. Ukiingiza mpira wako humo uzuri unaisha. Mpira hauzami mpaka ardhini wala haukai juu, unaning'inia katikati ya vijiti. Unapiga, vile vijiti vigumu kama waya vinashika shingo ya fimbo, uso wa fimbo unajifunga, mpira unachomoka kushoto yadi 20, au hauchomoki kabisa. Nilijaribu aini 6 humo mara moja, mara moja tu. Mzee anasema humo fimbo ni wedge, ile ya kuinua mpira karibu, uifungue kidogo, ushike kwa nguvu, urudi kwenye fewei kwa njia fupi kabisa ukajitafutie riziki.

Njiani kati ya grini, pale penye bendera, na tii nikamuuliza mbona msitu umepangika vizuri namna hii, aliyejenga hakukata miti mingi? Akacheka. Akaniambia bwana, alivyokuja Park hapa palikuwa wazi, hetha na vilima, miti michache tu. Nikabisha. Baadaye nimeangalia picha za zamani, kweli, uwanja mweupe pee, unaona grini tatu nne kwa mpigo. Nchi ile ya hetha miaka na miaka ilikuwa inalishwa mifugo na watu wanakata kuni, kwa hiyo mche wa msonobari hauna nafasi. Mifugo ilivyopungua na wakata kuni wakaacha, misonobari na mibirchi ikajiotea yenyewe, na mingine ikapandwa ili kila shimo lijitenge na wenzake. Kwa hiyo huo msitu nilioukuta nikasema asili hii jamani, uwanja umeuzidi umri! Na shida yake ni kwamba mti haujui pa kuishia. Unakua, kivuli kinaua hetha, grini haipati jua la asubuhi, hewa haipiti, nyasi zinakuwa laini zinaota ukungu. Ndo maana vilabu vingi vya ukanda ule siku hizi vinakata miti ili hetha irudi, na Marekani kule klabu ya Oakmont walikata maelfu, watu wakalia. Mi mwenyewe ningelia kabla sijasimama pale. Sasa naelewa mwenye msumeno.

La 5 ni tii ya juu, unateremka, kuna kidimbwi kulia kabla ya grini. Mi kidimbwi nikikiona nakilenga, sijui kwa nini. Mzee akaniweka upande wa kulia kabisa wa tii, yaani upande wa hatari, nikashangaa. Lakini ukisimama upande wa hatari unapiga kwa mshazari kuikimbia, fewei inapanuka mbele yako. Ukisimama upande salama unajikuta unapiga kuelekea kwenye balaa. Nimecheza gofu miaka nane hakuna aliyeniambia hilo, au waliniambia sikusikia. Nikatoka na 5, bogi safi, yaani pigo moja juu ya kiwango, mpira mkavu.

Tukafika la 9. Hili ni shimo la mtihani wa roho, la mipigo 4 lakini yadi 270 na kitu, mtu yeyote anayejiamini anaona grini anasema hapa nafika. Mwenzangu akachomoa draiva hata bila kufikiri. Mi nikamwangalia mzee kwa jicho la ombi. Akanipa aini 6. Nikaipiga ikakaa katikati, halafu wedge, halafu pata, yaani kuusukuma mpira kwenye grini, mara mbili, 4, hakuna hadithi. Mwenzangu mpira ulikwenda vizuri sana, ulikwenda kwenye hetha. Tukautafuta, dakika tatu siku hizi zikiisha umepotea, tukauona ukiwa zimebaki sekunde. Umebana kabisa. Akatangaza hauchezeki, pigo moja la adhabu, akahesabu urefu wa fimbo mbili kwa pembeni, na fimbo mbili hazikutosha kutoka kwenye hetha, akaudondosha humohumo. Sitaandika alimaliza na ngapi maana tunaheshimiana.

Tii ya 10 ndo mahali ambapo hata kama hupendi gofu utasimama. Uko juu, shimo lote linashuka mbele yako mpaka bondeni halafu linainuka kidogo, misonobari pande zote, hetha imewaka, hakuna nyumba, hakuna kelele. Nikalowesha kidole kupima upepo, hamna kitu, shwari. Mzee akanionyesha vilele vya miti ile ya mbali, vinainama kulia. Chini mlipo nyie wawili kuna ukuta wa miti, akasema, lakini mpira hauendi chini. Nikalenga kushoto na roho inakataa, mpira ukapanda, ukafika usawa wa vilele, nikauona kabisa unasukumwa, ukarudi katikati. Nyuma ya grini kuna kibanda maarufu wanauza soseji kwenye mkate, tulisimama, nilikula mbili.

Nusu ya pili siwezi kuieleza yote, nilikuwa nimetulia, na ukitulia hakuna cha kusimulia. Ila kuna sehemu moja nilirudi tena kwenye miti. Pengo lilelile, bendera ileile, kama shetani amenihamishia kutoka la pili. Mzee akauliza tena, mara kumi ngapi zinapita? Nikasema mbili. Akatabasamu mara ya kwanza siku ile, akanipa aini 5 akanionyesha pembeni. Mpira unauweka nyuma karibu na mguu wa kulia, mikono inatangulia mbele, unarudisha fimbo nusu, na ukishapiga unaikata hapohapo huimalizi juu. Nilijaribu swingi tupu mbili tatu kwanza kuona kama tawi linagusa, na nikapapasa chini kwa kidole kuangalia mzizi, maana mzizi ukiupiga kwa aini kifundo cha mkono ndo kinalipa. Mpira ukatoka chini chini, ukapita chini ya matawi kama panya, ukatambaa mpaka kwenye fewei. Nikamaliza na 5. Furaha niliyopata kwa ile 5 draiva haijawahi kunipa.

Bobby Jones, bingwa wa gofu wa Marekani, alicheza hapa 1926 kufuzu The Open, akapiga 66, 33 kwenda na 33 kurudi, na ukihesabu upya ni mipigo 33 ya kawaida na pata 33. Kila shimo 3 au 4. Halafu akaenda uwanja wa Lytham akaibeba Open yenyewe. Ukishatembea pale kwa miguu yako hiyo 66 inakuwa kubwa zaidi, maana unajua kila mahali ambapo mtu angepata tamaa.

La 18 nyuma ya grini kuna mwaloni mkubwa, ndo nembo ya klabu, unauona kutoka mbali na jengo nyuma yake. Nikasimama kwenye tii, mzee akawa keshashika aini. Nikamwambia mzee, leo nimekutii mashimo 15, nipe draiva. Akaniangalia kidogo. Akaingiza mkono chini ya begi, akaivua soksi taratibu, akanikabidhi. Akauliza swali lake la asubuhi, "Inakwenda wapi?"

Nikamwonyesha ule mwaloni, tawi la kushoto.

"Sawa," akasema, akarudi nyuma.

Ilikwenda kwenye tawi la kushoto. Pigo la pili nikaliharibu, ikaingia bunka, shimo la mchanga, ya kabla ya grini, nikatoka, pata mbili, 5. Kadi yangu 94. Mwenzangu 92, na njia nzima hadi Waterloo anataka tuzungumzie hizo mbili, mi natoa vijiti vya hetha kwenye soksi.