Uwanja wa ndege unaofuata kupwa na kujaa

Tiketi niliikata bila kusoma vizuri. Niliona tu Glasgow kwenda Barra, kisiwa kidogo huko magharibi kabisa mwa Scotland, safari ya saa moja na dakika kama kumi hivi, nikasema twende. Rafiki yangu ndo akaja kuniuliza mbona saa za ndege hazifanani, leo saa nne asubuhi, kesho saa tano kasoro, keshokutwa inasogea tena, nikamjibu labda ndo wanavyopanga wenyewe. Kumbe anayepanga ni bahari. Uwanja wenyewe ni ufukwe, yani mchanga mtupu, na maji yakijaa uwanja unaondoka mpaka yapwe tena. Na kwa kuwa maji kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, ratiba nayo inachelewa. Mimi mtu wa pwani hesabu hiyo nimekua nayo, nikajiona mjinga kwamba haikunijia kichwani!

Ndege ni Twin Otter, ina viti 19, mapanga mawili, magurudumu hayakunjwi. Choo hakuna, mhudumu hakuna. Rubani msaidizi aligeuka tu kwenye kiti chake akatuambia habari za mikanda na milango, akageuka tena mbele, safari ikaanza. Tulikaa karibu kabisa na marubani kiasi cha kuona kioo cha mbele na zile saa zao zote, na nakushauri ukae huko kama unapenda kuona mambo, ila kama una moyo mwepesi kaa nyuma, maana unapofika kwenye kutua unachokiona mbele ni maji. Rafiki yangu akanishika mkono, "Wewe, huyu anatupeleka baharini." Nikamwambia tulia, ingawa na mimi nilikuwa sijatulia.

Mchanga uliotoka kwenye maji muda si mrefu unaujua ulivyo, unang'aa, una mikunjo midogomidogo na vidimbwi hapa na pale. Ndo ule. Magurudumu yalipogusa sikusikia ule mlio wa lami, nilisikia kama mtu anachana kitambaa kirefu, alafu vidimbwi vikaruka mpaka kwenye dirisha langu vikaacha matone ya chumvi. Tukasimama, mlango ukafunguliwa, ngazi fupi, na hatua ya kwanza nikakanyaga ganda la kombe, wale wadudu wa baharini wenye maganda mawili, likavunjika chini ya kiatu. Kwa kweli hapo nilicheka peke yangu.

Ufukwe unaitwa Tràigh Mhòr, na uwanja umekuwepo tangu 1936. Wanasema ndo uwanja pekee duniani ambao ndege za ratiba, za abiria wa kawaida kabisa, zinatua kwenye ufukwe unaofunikwa na maji. Njia za kurukia ziko tatu, zimekaa kama pembetatu, kwa sababu ndege inataka kutua ikiukabili upepo na huko upepo hauna adabu, unatoka popote. Ndefu kuliko zote ina mita 846. Usitegemee kuona mistari imechorwa, kuna nguzo za mbao tu zimesimikwa mwishoni mwa kila njia, na maji yakijaa nazo zinazama sehemu. Taa za uwanja hakuna, kwaiyo ikitokea dharura ya mgonjwa usiku magari ndo yanawasha taa kumwonyesha rubani pa kutua. Mizigo unachukulia nje, kwenye kibanda ambacho ungeapa ni cha kusubiria basi.

Sasa kitu kilichonifurahisha zaidi ya ndege yenyewe. Kuna ile soksi kubwa ya kuonyesha upepo, na bango linasema ikiwa imepandishwa basi usishuke ufukweni, ndege zinafanya kazi. Ikishushwa, ufukwe unarudi kuwa wa watu. Sisi tulikaa kwenye mgahawa mdogo wa uwanja tukaangalia ndege yetu inageuza na kuondoka, ikapiga kelele kidogo ikapotea, soksi ikashushwa, na haikupita dakika tano mzee mmoja na reki yake na ndoo akashuka zake kuchimba kombe palepale tulipotua. Hakuangalia juu wala nini. Kombe za ufukwe ule ni maarufu, hata kwa Kiingereza ufukwe wanauita kwa jina la kombe.

Watu wengi wakishuka wanapanda gari moja kwa moja kwenda mjini Castlebay, na mimi naona wanakosea. Ukivuka barabara tu ya uwanja, nchi hapo ni nyembamba kama shingo, unapanda kilima cha mchanga na nyasi zenye mashimo ya sungura, dakika chache unatokea upande wa pili kwenye ufukwe mwingine, Tràigh Eais, na huko ni bahari kuu, mawimbi makubwa, hakuna mtu. Yani upande mmoja maji yametulia kama kwenye sinia, upande wa pili yanapiga kelele mpaka hamsikilizani. Katikati ni ile ardhi wanaiita machair, nyasi juu ya mchanga wa maganda ya baharini yaliyosagika, imejaa maua madogo ya njano. Tulikaa hapo mpaka njaa ikatutoa.

Tukaendelea kwa miguu kwenda kaskazini mpaka Cille Bharra, makaburi ya zamani na vijikanisa vilivyobomoka. Ndani ya kimojawapo kuna jiwe lenye maandishi ya Waviking, ila lile ni nakala, la kweli liko makumbusho Edinburgh. Wakati tunarudi alasiri, uwanja haupo. Siongezi chumvi. Palikuwa na bahari ya kawaida, rangi ya kijani, na vichwa vya nguzo vinachungulia. Nikapiga picha nikaituma nyumbani nikaandika hapa ndo nilipotua asubuhi, hakuna aliyeniamini.

Castlebay ni mji wa kuzunguka kwa nusu saa. Vibao vya barabarani vinaanza na Kigaeli, lugha ya asili ya huko, na dukani utasikia wazee wanakiongea. Ngome ya Kisimul iko juu ya mwamba katikati ya maji, ni ya ukoo wa MacNeil, na mwaka 2000 waliikodisha serikalini kwa miaka 1,000, kodi yake pauni moja na chupa moja ya wiski kwa mwaka. Sisi tuliitazama kutoka ng'ambo tu. Siku ya pili tukaenda Vatersay, kisiwa cha jirani ambacho tangu 1991 kimeungwa kwa barabara ya mawe iliyojazwa baharini, na pembeni ya njia kuna mabaki ya ndege ya kijeshi aina ya Catalina iliyoanguka 1944. Vipande vya bati vimelala kwenye nyasi karibu na kijito, hakuna uzio. Baada ya kuiona ile, rafiki yangu akanyamaza muda mrefu, nikajua tayari ana mawazo ya kurudi.

Na kweli. Siku ya kurudi ukungu ulishuka, ukakaa. Ukungu kwenye uwanja mwingine ni kusubiri tu uondoke, lakini pale ukungu unaweza kuondoka saa nane ukakuta na uwanja nao umeshaondoka, ndege ikasogezwa mpaka kesho yake maji yakipwa. Mimi sikuona tabu, usiku mmoja wa ziada kisiwani si adhabu. Yeye akasema hapana, hawezi kukaa anasubiri bahari iamue, asubuhi na mapema akapanda feri ya kwenda Oban, karibu masaa matano, na kutoka hapo treni masaa matatu.

Ukungu ulikuwa umetoka. Gari la uwanja lilizunguka kwanza kukagua mchanga, soksi ikapandishwa, mzee wa reki akapanda juu na ndoo yake, ndege ikaja. Saa nane kasoro niko Glasgow nakula. Nikampigia video, akapokea yuko kwenye treni amekunja uso, nikamwelekezea simu kwenye sahani. Alikata. Alinijibu kesho yake.