Klarineti mpya na mjomba wangu mchongaji

Jamani nimepotea humu wiki nzima, sababu ni klarineti, ile ala ya mti ya kupuliza. Dada yangu anakaa Ufaransa, kaja likizo kaniletea klarineti ya kampuni ya Buffet, R13 mpya kabisa, ile modeli ilianza kutengenezwa 1955 na mpaka leo watu wa okestra wanaipiga, na mimi hata mwaka sijamaliza tangu nianze kujifunza hapa Mtwara na klarineti ya plastiki ya bendi ya kanisa.

Kwanza nzito. Kidole gumba cha kulia ndo kinabeba yote, dakika kumi tu kinauma. Halafu pumzi, ile ya plastiki unapuliza sauti inatoka, hii inakusukuma kidogo, inataka hewa ya tumboni, ukiipa basi noti za chini zinatoka nene, unazisikia mpaka kwenye meno. Siku ya kwanza nilikaa kwenye E, F na G za chini, sikutaka kuhama.

Ninapohangaika ni kuvuka kutoka noti ile A ya katikati kwenda B. Klarineti sio kama filimbi, ukibonyeza ule ufunguo wa nyuma wa gumba la kushoto sauti haipandi okteva moja, yaani mpaka noti ya nane, inapanda mpaka noti ya kumi na mbili ukihesabu na ile uliyoanzia, kwahiyo unatoka kwenye noti ambayo vidole karibu vyote viko hewani halafu ghafla unatakiwa uzibe matundu yote kwa mpigo mmoja, kidole cha pete kikiacha upenyo hata kidogo inapiga yowe. Ila kwenye hii nayasikia matundu vizuri chini ya vidole na funguo zinarudi haraka, juzi nimevuka mara saba mfululizo, nilifurahi sana.

Sasa Jumamosi kaja mjomba kutoka Mikindani. Mjomba ni mchongaji, kachonga tangu kijana. Nimemwamkia, kaitikia marahaba, macho yake tayari yapo mezani kwenye klarineti. Akachukua kile kipande cha chini, akakipima mkononi, akakinusa pale ndani, akagonga na ukucha.

"Mjomba, huu mpingo."

Nikamwambia ndio, ni mpingo, kiwanda kipo Mantes-la-Ville karibu na Paris ila mti wenyewe haupo huko, mpingo wa klarineti mwingi unatoka kwetu Tanzania na Msumbiji, hata Kilwa hapo Lindi kuna vijiji vinavuna kwenye misitu yao wenyewe kwa mpango. Hakushangaa. Alichouliza ni wameutoboaje mrefu hivi bila kupasuka, nikamwambia wanaukausha muda mrefu kwanza, akatikisa kichwa pole pole.

Nikamweleza pia kwamba wiki za mwanzo napiga dakika 15 tu kwa siku, maana mvuke wa pumzi unalowesha ndani na nje bado kukavu, mti unavimba upande mmoja, unapasuka. Nikimaliza napitisha kitambaa ndani, naiweka kwenye boksi lake, sio juani, sio mbele ya feni. Yani huyu mtu hajawahi kushika klarineti lakini nilivyoanza tu kusema akanimalizia mwenyewe, kumbe na wao wachongaji mpingo ambao haujakauka wanaufunika usipigwe na upepo. Mwalimu alinieleza hayo mara mbili na bado nilikuwa naona kama masharti tu, kwa mjomba ndo yameniingia. Akaongeza, mti huu mpaka uvunwe ni miaka 70 na zaidi, usiuchezee.

Akaomba nipige. Nikapiga zile noti za chini, moja moja, ndefu, yeye kaweka kiganja kwenye kengele ya chini, ule mdomo mpana wa klarineti, anausikia mti unavyotetemeka, hasemi kitu.

"Rudia."

Dakika zilikuwa zimeisha. Nikamwambia mjomba mpaka kesho, akasema sawa, basi analala hapa hapa.