Mwaka mkonge wa Babu ulipotoa mlingoti

Nyuma ya nyumba ya Babu, huko Mazinde, palikuwa na kipande cha kokoto tupu kinachopigwa na jua kutwa. Mahindi yalikauka pale kabla ya kubeba. Babu akapanda mkonge. Alikuja Tanga kijana, akitokea Kigoma, manamba, yaani kibarua wa mkataba, wa kukata mkonge, na sijakutana na mtu aliyeujua mmea huo kumzidi.

Nilikuwa darasa la sita mkonge mmoja ulipotoa mlingoti, lile shina refu la maua. Ulirefuka kwa kasi ya ajabu. Baada ya wiki chache ulikuwa umepita paa la bati. Nchani yakachanua maua ya kijani-njano, nyuki wakajaa. Huku chini majani yakaanza kusinyaa. Niliuhurumia, nikamwambia Babu tuumwagilie.

"Hauna kiu, mjukuu wangu. Unazaa. Ukimaliza kuzaa unakufa."

Maua yalipopukutika nilitazamia mbegu. Badala yake vikatokea vikonyo: miche midogo mno iliyokwisha kuwa na majani, na vinundu vya mizizi chini yake. Siku Babu alipoutikisa mlingoti vilitudondokea vichwani kama mvua ya mawe. Tukachagua vikubwa, tukavipanda kitaluni juujuu. Kila nilipokizamisha kimoja alikivuta juu: udongo ukiingia katikati ya majani, moyo unaoza.

Ukubwani nilisoma kwamba mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, vikonyo vilivyosafirishwa kutoka Florida. Vingi vilikufa njiani. 62 ndivyo vilivyofika hai, vikapandwa Kikogwe, Pangani. Nililisoma hilo nikaviona vile vya Babu kiganjani. Kikonyo hakichanganyi damu, ni mwili uleule wa mama yake, kwa hiyo huenda tulikuwa tumeshika mmea uleule uliovuka bahari. Hadi leo jambo hilo linanisisimua.

Mlingoti ulipokauka tuliuangusha. Ni mwepesi kwa urefu wake. Niliubeba begani peke yangu, ukawa boriti ya banda la mbuzi. Vikonyo vilikaa kitaluni zaidi ya mwaka ndipo tukavihamisha, mvua za masika zilipoanza. Babu alipima nafasi kati ya mstari na mstari kwa hatua zake, akaipanua tena na tena, hadi aliporidhika kwamba mkataji atapita na mzigo wake bila kuchomwa na miiba.