Aina nne mpya za brusela zilizozaliwa pembeni mwa jeli

Kwa wiki mbili nzima nilitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Katika sampuli zangu 12 za bakteria aitwaye brusela, zilizotoka kwa pomboo, sili na popoisi (yule jamaa mdogo wa pomboo mwenye pua butu), nilikuwa nimepata nne zisizofanana na chochote kilichowahi kuripotiwa. Nilishaanza hata kuandika aya ya kwanza ya taarifa. Bahati nzuri sikuituma kwa mtu.

Wengi wanaifahamu brusela kwa ng'ombe na mbuzi, kwenye ule ugonjwa wa kutupa mimba. Habari zake baharini zilikuja kusikika mwaka 1994, ripoti mbili kwa mpigo: moja ya Scotland, kwa sili, popoisi na pomboo waliokutwa wamekufa, nyingine ya California, kwa kijusi cha pomboo kilichotoka kabla ya wakati. Mwaka 2007 bakteria hao wa baharini wakapewa majina rasmi: Brucella ceti kwa upande wa nyangumi na pomboo, Brucella pinnipedialis kwa sili. Kwa sili mara nyingi bakteria hukutwa mnyama akiwa haoneshi dalili yoyote. Kwa pomboo milia mambo ni mazito, kwa sababu hupenya hadi kwenye ubongo, mnyama akashindwa kuogelea sawasawa na kuishia ufukweni.

Kazi yangu haikuwa kuotesha. Kuotesha brusela hai ni kazi ya maabara yenye ulinzi mkali, na nashukuru kwamba kulikuwa na wengine wa kuifanya: mwaka 1999 iliripotiwa kuwa mtumishi wa maabara moja Uingereza aliambukizwa aina hii ya baharini, akaugua kichwa na sinasi kwa muda mrefu. Mimi nilikabidhiwa mirija ya DNA ambayo bakteria wake walikwisha kuuawa kwa joto, pamoja na swali moja: hawa 12 ni ndugu wa karibu kiasi gani?

Nilianza na kosa la kitoto. Nilisoma jeni ya 16S, kwa kuwa ndiyo kila mtu hufundishwa kuanza nayo anapotaka kumtambua bakteria. Majibu yalikuja: zote 12 sawa, herufi kwa herufi. Nikampelekea msimamizi wangu kwa fahari. Akaniuliza kama nimewahi kulinganisha jeni hiyo hiyo na ya brusela wa mbuzi. Nikaenda kulinganisha. Nayo ilikuwa sawa. Brusela wote wamefanana mno kwenye jeni hiyo. Ukiitumia kuwatenganisha ni kama kutafuta mtu kwenye gwaride kwa rangi ya sare.

Njia ya pili ilikuwa kusoma vipande vya jeni 9 na kumpa kila bakteria namba ya kundi lake. Hapa wanyama wa baharini wanajipanga vizuri: kundi la 23 ni la popoisi zaidi, la 26 ni la pomboo, la 24 na 25 ni la sili. La 27 ndilo linalowanyima watu usingizi, maana limepatikana kwa wagonjwa wa Peru na New Zealand ambao hakuna aliyeripotiwa kuwa aligusa nyangumi wala sili. Sampuli zangu zilijipanga kama ilivyotarajiwa, isipokuwa namba 5. Hiyo ilitoka kwa pomboo lakini ikaangukia kundi la 23, la popoisi. Nikaandika pembeni ya daftari, "lebo imekosewa", nikafungua ukurasa mwingine.

Sasa ndani ya kundi moja wote walikuwa bado sawa. Kuwatenganisha hao ndiko kulikonipeleka kwenye kigugumizi.

Nakiita kigugumizi mwenyewe. Kwenye kromosomu mbili za brusela kuna sehemu ambazo kipande kifupi cha DNA hurudiwa-rudiwa, kama mtu anayesema "pole pole pole pole". Bakteria anapojinakili, mara mojamoja huongeza "pole" moja au kuipunguza. Ukihesabu marudio kwenye sehemu 16 unapata mfuatano wa namba unaotambulisha ukoo, na baadhi ya sehemu hizo hubadilika upesi kiasi cha kutenganisha hata ndugu wa karibu. Kuhesabu kwenyewe ni kupima urefu: unakizalisha kipande kwa PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi), unakikimbiza kwa umeme ndani ya jeli, ambayo ni bamba laini kama la jelatini, unasoma kimefika wapi. Kifupi hukimbia mbali, kirefu hubaki nyuma.

Ugumu uko kwenye vipimo. Sehemu moja iitwayo Bruce04, kwa mfano, ina kipande cha herufi 8. Kwa Brucella melitensis 16M, ambaye ndiye rula ya kila mtu kwenye kazi hii, kipande chote kina herufi 152 na marudio 2. Mwenye marudio 3 atakuwa na herufi 160. Tofauti hiyo kwenye jeli ni upana wa ukucha uliokatwa. Unainamia picha, unaweka rula, unafumba jicho moja.

Nilifanya hivyo kwa siku kadhaa, na sampuli namba 1, 2, 11 na 12 zikawa zinabaki nyuma kidogo kila sehemu niliyopima. Rudio moja zaidi. Pomboo mmoja, popoisi mmoja, sili wawili, wote na rudio la ziada. Hapo ndipo nilipopandishwa cheo.

Aliyenishusha ni fundi wa maabara, dada mmoja asiye na maneno mengi, aliyekuja kuchukua sinia lake nikiwa nimeibandika picha ya jeli ukutani. Aliitazama kama sekunde tano.

"Kaka, jeli yako inacheka."

Sikumwelewa. Akachora kwa kidole juu ya picha, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mistari haikuwa imenyooka. Katikati ilikuwa imeshuka, pembeni imepanda, kama mdomo wa mtu anayetabasamu. Nilikuwa nimeiendesha kwa volti nyingi ili niwahi kumaliza. Jeli ikapata joto, katikati ikapata zaidi kuliko kingo, na DNA ya katikati ikakimbia kuliko ya pembeni. Ngazi ya vipimo, yaani vipande vya DNA vya urefu unaojulikana ambavyo hutumika kama rula, niliiweka moja tu, katikati, kando ya 16M, eti nabana matumizi. Sampuli nilizipanga kwa namba zake, kila mara, kwenye kila jeli. Namba 1, 2, 11 na 12 hazikuwa na rudio la ziada. Zilikuwa zimekaa pembeni.

"Hebu ingiza namba 1 katikati," akasema, akaondoka na sinia lake.

Nilirudia zote. Volti nikazishusha karibu nusu, jeli nikaitengeneza ya asilimia 3, ngazi nikaweka tatu, kila upande moja na katikati moja, na mpangilio wa sampuli nikaupigia kura. Ilinichukua saa nne kwa jeli badala ya moja na nusu. Kwenye jeli ya kwanza tu namba 1 ilishuka ikasimama sambamba na wenzake wa kundi la 26, kama vile haijawahi kunidanganya. Na 2 vilevile, kwa popoisi wenzake. 11 na 12 zikarudi kwa sili wenzao. Ile aya ya kwanza nikaifuta, ingawa ilikuwa imeandikwa vizuri.

Iliyokataa kurudi ni namba 5. Niliiweka pembeni, katikati, karibu na ngazi, mbali na ngazi. Kigugumizi chake kilikuwa cha popoisi kila mara. Nikaona aibu na ule mstari wangu wa daftari. Zile nne za uongo niliziamini bila kuuliza, hii niliituhumu kosa la lebo bila kuuliza vilevile.

Kwa hiyo niliuliza. Niliomba DNA mpya kutoka kwenye koloni la asili la bakteria huyo, na pia kipande cha wengu wa mnyama mwenyewe kilichokuwa bado kwenye friza. Kutoka kwenye wengu nilisoma jeni ya saitokromu b, ambayo humtaja mwenye nyama. DNA mpya ya bakteria ilitoa kundi la 23 kama mwanzo. Ile ya wengu ilikuwa ya pomboo, bila shaka yoyote.

Nikarudi kwenye ule ukurasa, nikakata maneno "lebo imekosewa" kwa mstari mmoja ili bado yasomeke, na chini yake nikaandika tarehe.