Kumbukumbu ya mradi: kuitafutia OptiPlex 7010 prosesa

Aprili

Nimenunua Dell OptiPlex 7010 ya mtumba Kariakoo, ile ya mnara. Ndani ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i3-2120, RAM ya GB 4 na diski ya kizamani inayozunguka. Mdogo wangu anahariri video za harusi na laptopu yake imechoka, kwa hiyo lengo la mradi ni kumpa mashine ya kazi kwa pesa kidogo. SSD na RAM ni vitu vya kununua na kuchomeka, sitaviandikia hapa. Prosesa ndiyo yenye hesabu.

Ukitafuta habari za mashine hii mtandaoni, angalia mwaka. Dell walilitumia jina OptiPlex 7010 mara mbili: mwaka 2012, kisha tena 2023 kwa mashine za kizazi cha 13 cha Intel. Unaweza kusoma mwongozo mzima ukidhani ni wa kwako. Yangu ni ya zamani, yenye chipseti (saketi kuu za ubao zinazoongoza vifaa) ya Q77 na RAM za DDR3.

Kusoma jina

Dukani utaambiwa "hii ni Core i5", basi, kana kwamba maelezo yamekwisha. Lakini i3, i5 na i7 ni madaraja ndani ya kizazi kimoja tu, na kizazi chenyewe kimeandikwa baada ya kistari. i5-2400 ni ya kizazi cha 2, i5-3470 ya 3, i5-8500 ya 8. Ukifika cha 10 unasoma tarakimu mbili: i5-10400, i5-12400. Zile Core za mwanzo kabisa, kama i7-920 na i5-750, zina tarakimu tatu na hazitaji kizazi. Kwa hiyo i3-8100 ya mwaka 2017 ina kori 4 (kori ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi peke yake), sawa na i5-2400 ya 2011, na kila kori yake inafanya kazi haraka zaidi. Anayeng'ang'ania i5 kwa sababu ya jina anaweza kulipia mashine dhaifu.

Halafu kuna herufi ya mwisho. K inaruhusu kuongeza kasi kwa mkono, T ni ya umeme mdogo, F haina grafiki (sehemu inayochora picha kwenye skrini) ndani yake, U ni ya laptopu nyembamba. Hiyo U ndiyo inayowaumiza watu wengi. i5-7500 ya mezani ina kori 4. I7-7500U ya laptopu ina kori 2. Namba ni ileile, i7 inasikika kubwa zaidi, na i5 ndiyo inayoshinda.

AMD, washindani wa Intel, nao wana yao. Ryzen 5 3600 imejengwa kwa Zen 2 (Zen ni muundo wa ndani wa prosesa zao), lakini Ryzen 5 3400G, yenye elfu tatu hiyohiyo, ni Zen+ ya kabla yake. Kwenye laptopu, Ryzen 5 7520U ilitoka na namba ya elfu saba huku ndani ikiwa Zen 2. Kinachokuambia hivyo ni tarakimu ya tatu, ile 2. Kwa maoni yangu jina la namna hiyo lilitungwa kwa faida ya rafu ya duka. Intel nao waliiacha "i" mwishoni mwa 2023 wakaanza kuziita Core Ultra, hesabu ikaanza upya.

Mei

Nimehamia kwenye soketi, yaani kikalio cha prosesa. Mazabodi (ubao mkuu) yangu ni LGA 1155, na hiyo namba ni idadi ya pini zinazogusana na prosesa. Kwa mashine za kawaida za Intel mfululizo uko hivi: 1155 ilibeba kizazi cha 2 na cha 3, 1150 ilikuja 2013 na kizazi cha 4, 1151 ikaanza 2015 na cha 6, 1200 ikachukua cha 10 na cha 11, na 1700 ikachukua cha 12 hadi cha 14. Kwa macho, prosesa za 1155 na 1150 zinakaribia kuwa mapacha, ila vijino vya pembeni vimehamishwa ili usiweze kuichomeka isiyo yake. Feni ya prosesa haina ubaguzi huo: matundu yake yalibaki umbali wa milimita 75 tangu 1156 hadi 1200.

Ningeishia hapo mambo yangekuwa mepesi. Lakini soketi kukubali haina maana kwamba bodi imekubali. OptiPlex 790, kaka yake hii yangu, ina soketi hiyohiyo ya 1155 lakini chipseti ni Q65, na Q65 haipokei kizazi cha 3. Prosesa itakaa vizuri mahali pake na mashine haitawaka. Bodi nyingine za umri uleule, kama za H61 na Z68, zilipokea kizazi cha 3 baada ya kusasishwa BIOS, ile programu ya bodi inayowasha mashine. Q77 yangu inapokea vyote viwili.

Mfano mbaya zaidi ni 1151. Kizazi cha 6 na cha 7 wanakaa kwenye bodi za mfululizo wa 100 na 200. Mwaka 2017 kikaja cha 8, soketi 1151 ileile na pini idadi ileile, lakini Intel wakataka bodi za mfululizo wa 300. Mtu mwenye bodi ya H110 (mfululizo wa 100) anaiona i5-8500 sokoni, anasoma 1151, anatoa pesa. AMD kwa upande huo nawapa heshima: AM4 ilianza 2016 na ikabeba Ryzen kutoka elfu moja hadi elfu tano, ingawa kila hatua ilidai BIOS mpya. Ukinunua prosesa ya AM4 ya mtumba, itazame kwa chini kabla ya kulipa, maana pini ziko kwenye prosesa yenyewe na zinapinda.

Juni

Kilichobaki kilikuwa kuchagua kati ya i7-3770 na Xeon E3-1240 v2, prosesa ya Intel ya seva. Zote ni za kizazi kimoja, kori 4 na nyuzi 8 (kila kori inashika kazi mbili kwa wakati mmoja). Xeon haina grafiki na mimi sijanunua kadi ya grafiki, kwa hiyo skrini ingebaki nyeusi. Nimechukua i7. Kwenye bati la juu ya prosesa nilisoma jina na pia alama SR0PK, ambayo ndiyo ya 3770. Ukikuta bati limeandikwa "Intel Confidential", hiyo ni sampuli ya majaribio. Irudishe kwa muuzaji kwa upole.

Kuifunga ni kazi ndogo. Nimefuta pesti kavu ya kupitisha joto, nimemulika pini za soketi kwa tochi ya simu, nimelinganisha pembetatu ya dhahabu na alama ya soketi, nikashusha prosesa bila kuisukuma. Feni ya awali nimeiacha palepale: kutoka wati 65 za i3 hadi 77 za hii si mzigo wa kutisha. Mashine imewaka, na amri ya Linux ya lscpu inataja i7-3770 yenye nyuzi 8.

Nimeweka mfumo wa Linux Mint na Kdenlive, programu ya kuhariri video. Windows 11 inadai kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, kwa hiyo sikuona sababu ya kubishana nayo.

Video za H.264 (njia ya zamani ya kubana video) kutoka kwenye kamera ya mdogo wangu sasa zinakwenda vizuri. Za simu bado zinakwama. Simu nyingi mpya hurekodi kwa HEVC, njia mpya zaidi ya kubana video, na grafiki ya HD 4000 iliyomo ndani ya i7-3770 haiwezi kuifungua, hivyo mzigo wote unaangukia kori. Kwa sasa anatengeneza kwanza nakala nyepesi za kuhariria, kisha Kdenlive inarudi kwenye video halisi wakati wa kutoa kazi. Mashine ya pili nitakayoitafuta ni OptiPlex 7060 yenye i5-8500: kori 6, na grafiki ya UHD 630 inafungua HEVC yenyewe. Nikikuta 7050 kwa bei ya chini nitaiacha, maana hiyo ni ya kizazi cha 6 na cha 7, haipokei i5-8500.