Yule mama wa kwenye klipu

Nina saluni ndogo huku Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, viti viwili, kioo kimoja kimepasuka pembeni, na feni inayopiga kelele kuliko inavyopepea. Kazi zangu ni mabibi harusi, hina, piko, kukwatua watu, mambo ya kawaida. Lakini kila ikifika sikukuu nna mteja mmoja anakuja usiku nishafunga mlango wa mbele, anapitia uani. Mwanamme. Anaigiza vichekesho, ndo yule mama mwenye makalio na mdomo anayegombana na wakwe, zile klipu mnazorushiana kwenye magrupu na emoji za kulia kwa kucheka. Jina lake la jukwaani silitaji, huku kisiwani tunajuana mpaka paka wa jirani.

Na mie nilikuwa namcheka kama nyinyi, tena sana tu. Siku ya mwanzo alipokuja nilimtumia meseji shoga yangu wa duka la nguo aje achungulie, akaja, tukasimama nyuma ya pazia tunazibana midomo, kumbe yeye anatuona kwenye kioo. Hakusema kitu. Kainamisha macho akaendelea kufunga sponji lake.

Hilo sponji ngoja niwasimulie, maana mie nimo kwenye kazi ya urembo miaka lakini hii sikuwa naijua. Ni sponji la kochi kuukuu, anachonga kwa kisu cha mkate mpaka linakaa umbo la nyonga, analibana kiunoni, juu yake anavaa taiti, na nyingine, na nyingine, nne wakati mwengine, ili kingo zisionekane, halafu ndo dera, halafu ushungi au wigi. Nyusi ndo usiseme, anazilaza kwa gundi ya karatasi, ile ya stiki ya watoto wa skuli, anapaka mara tatu anasubiri ikauke, poda, foundesheni, ndo anachora nyusi nyengine juu kabisa kama kashtuka. Sasa weka yote hayo kwenye joto la Unguja lile la kabla ya masika, Idd ya mwaka huu imeangukia humo humo, mtu yumo ndani ya godoro anaruka jukwaani saa nzima. Akirudi kuvua, zile taiti anazikamua kama nguo imetoka kwenye beseni. Mapajani wekundu mtupu, na vidole vya miguu vimechubuka kwa viatu vya mchuchumio namba 40 wakati yeye anavaa 43.

Nilidhani ujanja wa gundi kaubuni mwenyewe, akacheka, akanambia kajifunza YouTube kwa bando la usiku. Huko Marekani na Uingereza ni kazi ya watu, wanaitwa dragi kwini, wanaume wanaopanda jukwaani kwa nguo na majina ya kike, mmoja wao, RuPaul, ana shoo yake ya mashindano kwenye TV toka 2009. Na msinijie na maneno kwenye inbox, najua mnachotaka kuuliza. Huko wapo wanaopenda wanaume wenzao, tena wengi, na wapo wenye wake na watoto nyumbani. Huyu wangu sijamuuliza na sitomuuliza, hakuja kwangu kuulizwa, kaja kupakwa poda.

Pesa sasa. Idd pili aliahidiwa elfu hamsini. Dera kanunua Darajani kwa fedha yake, kope kanunua, na bodaboda kwenda na kurudi kwa sababu daladala hawezi kupanda na sura ile. Kamaliza shoo, mwenye shoo kampa ishirini, nyengine "nitakurushia kwenye simu". Hadi leo hakijarushwa kitu. Na atadai wapi, aende akamwambie nani, mie ndo yule mama wa jukwaani nadai pesa yangu? Wanajua hawezi kusimama mbele ya watu akadai, ndo maana wanamfanyia. Kushuka kwenyewe jukwaani watoto wanamrushia chupa za maji, na watu wazima, watu na ndevu zao, wanamfinya sponji wakicheka. Mmoja kamfinya pasipo sponji. Hilo kalitaja haraka haraka huku anatafuta chaja, kisha kabadilisha mazungumzo.

Kuna siku tulikuwa tunazungumza habari za Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, maana kila mtalii anayekuja kupaka hina ananiuliza nyumba yake iko wapi Shangani. Mtoto wa hapa hapa, kazaliwa 1946 jina lake Farrokh Bulsara, kaondoka na wazee wake 1964. Mwaka 1984 yeye na wenzake wa Queen walitoa video wote wanne wamevaa kike, yeye na sketi fupi, masharubu yake yale yale, anasukuma mashine ya kufyonza vumbi. Waingereza wakacheka, Wamarekani wakanuna. Na maradhi yake huyo mtu aliyaficha mpaka mwisho, katangaza kuwa ana Ukimwi tarehe 23 Novemba 1991, kesho yake kafariki, miaka 45. Huku kwetu 2006 ilipangwa sherehe ya kumkumbuka, ingekuwa kafika miaka 60, jumuiya ya dini ikapinga, ikafutwa. Leo picha yake inauza fulana.

Mteja wangu akasikiliza yote hayo akanambia, "Dada, yeye angalau watu walijua ni yeye."

Sikumfahamu. Ndo akanieleza. Kwao wanajua yeye ni kuli bandarini Malindi, na kweli mchana ni kuli, lakini usiku wa shoo humwambia mamake kuna meli imechelewa kuteremsha. Sasa sikukuu tatu karudi nyumbani, mama kakaa barazani na simu, kamwita, "Mwanangu njoo uone kituko hichi." Klipu yake. Mama anacheka mpaka kanga inamvuka, machozi yanamtoka, anairudisha nyuma anatazama tena pale mkwe anapopigwa na mwiko. Na yeye kasimama nyuma ya mamake, bado ana harufu ya ile poda yangu, anamuangalia mamake anavyofurahi. Anasema hajamuona akicheka vile toka baba yao afariki.

Halafu mama kafuta macho, kazima simu, kasema, "Lakini masikini mamake, mtihani gani huu kapewa."

Akanisimulia hilo huku anajifuta wanja mbele ya kioo, sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayetaja bei ya samaki. Nikamuuliza ukamjibu nini. Akasema nilimwambia kweli mama, mtihani.

Feni inapiga kelele. Akaniomba pamba nyengine, pamba zilikuwa zishakwisha, nikachana upindo wa kanga yangu nikautia mafuta ya nazi nikampa.